Mwongozo wa Ganzi na Usingizi Unapofika Karema

Bungeni Dodoma, mbunge anayesimama kuomba mwongozo wa Spika anaomba uamuzi. Spika akishatamka, jambo limekwisha. Lakini mwaka 1971 neno hilohilo lilifanya kazi nyingine kabisa: Mwongozo wa chama tawala, TANU, katika kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani wakaushika kumhoji meneja. Kiswahili cha Tanzania kimerithi neno lenye mikondo miwili, mmoja unaoshuka kutoka juu, mwingine unaompa mdogo haki ya kumuuliza mkubwa sababu. Tunapoliingiza katika utabibu, kama tulivyokwisha kufanya kwa vitabu vya Wizara ya Afya vinavyoeleza tiba ya maradhi, yatupasa kujua tumechukua mkondo upi. Kwa maoni yangu, katika huduma ya ganzi na usingizi mkondo wa pili ndio unaofaa, na Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo.

Mwaka 1990 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliufafanua mwongozo wa utabibu kuwa ni maelezo yaliyotungwa kwa utaratibu ili kuwasaidia mtoa huduma na mgonjwa kuamua tiba inayofaa katika hali mahususi. Neno zito hapo ni kuamua. Itifaki ni mfuatano wa hatua ambao hospitali imejipangia; kiwango ni mpaka wa chini usioruhusiwa kushukwa; orodha hakiki ni karatasi inayosomwa kwa sauti kabla kisu hakijagusa ngozi. Mwongozo ndio unaosema ni ushahidi gani umepatikana, una nguvu kiasi gani, na kwa hiyo lipi lifanywe. Ukiondolewa sababu zake unabaki waraka tu. Sehemu ya pili ya istilahi yetu, ganzi na usingizi, nayo ina mambo yake. Mwezi mmoja baada ya William Morton kumlaza mgonjwa kwa etha mbele ya watu mjini Boston, Oktoba 1846, daktari Oliver Wendell Holmes alimpendekezea neno “anaesthesia”, la asili ya Kigiriki, lenye maana ya kukosa hisi. Ganzi ya Kiswahili inalingana nalo karibu sawasawa, ila matumizi ya hospitalini yamegawa kazi: ganzi ni ya sehemu ya mwili, kama sindano ya mgongoni anayochomwa mama anayejifungua kwa upasuaji huku yu macho, usingizi ni wa mwili mzima. Nusukaputi limebaki kwenye kamusi na vinywani mwa wazee, na silililii, maana mgonjwa husikia ndani yake nusu ya kifo. Hata usingizi linadanganya kidogo. Aliyelala kitandani kwake hupumua bila kusimamiwa; aliyelazwa kwa dawa anaweza kuacha kupumua asiamke. Ndiyo maana jina refu, ganzi na usingizi, linastahili urefu wake.

Ugumu mkubwa wa tafsiri uko kwenye uzito wa kila pendekezo. Viwango vya kimataifa vya usingizi salama vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la dunia la vyama vya wataalamu wa usingizi vimepangwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya juu, ukiitafsiri neno kwa neno, ni jambo “linalopendekezwa sana”, na waandishi wenyewe wanaeleza kwamba kwa vitendo maana yake ni lazima. Mswahili akisoma “linapendekezwa sana” anasikia ombi la adabu. Na ndani ya ngazi hiyo wameweka mambo kama kuwapo kwa mtoa usingizi kando ya mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachosomwa bila kukatizwa. Hospitali za kufundishia za Harvard nazo, zilipoandika viwango vyao mwaka 1985, zilisisitiza jambo hilo la kuwapo. Mtafsiri mwaminifu aandike “lazima”, kisha “inafaa”, kisha “ikiwezekana”.

Pingamizi kubwa ni kwamba yote haya ni ya hospitali kubwa. Kutoka Karema hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, na rufaa ya usiku wakati wa masika si jambo la kuandikwa kwa wepesi katika kitabu. Mwongozo unaodai mashine isiyokuwepo humfundisha msomaji kuupuuza wote, pamoja na yale anayoyaweza. Pingamizi hili lina ukweli, na ushahidi wake umetoka kwetu wenyewe. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba kuwapa haraka maji mengi ya mishipani watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, kama desturi ya nchi tajiri ilivyoelekeza, kuliongeza vifo: ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa, dhidi ya 7.3 ya wasiopewa. Kuazima mwongozo bila kuupima ni hatari. Lakini hiyo haina maana kwamba mahali pa mbali pasiwe na mwongozo. Hospitali ya Mtakatifu Fransis, Ifakara, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha hakiki ya upasuaji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo kwa jumla vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi haihitaji umeme. Vivyo hivyo ketamini, dawa ambayo kwa kawaida humwachia mgonjwa pumzi yake na kuhimili msukumo wa damu, ndiyo ya kuandikiwa sura nzima pale pasipo na mashine ya usingizi, wala isitupwe kwenye tanbihi. Haja yenyewe haina shaka: utafiti wa nchi 22 za Afrika uliotolewa mwaka 2019 ulikuta vifo 5.4 vya akina mama kwa kila upasuaji 1,000 wa kujifungua, takriban mara 50 ya nchi tajiri, na matatizo ya usingizi yalikuwa miongoni mwa yaliyohusishwa na vifo hivyo.

Wengine watasema Kiswahili si cha lazima, kwa kuwa waganga na wauguzi husomeshwa kwa Kiingereza. Wanasahau mgonjwa, ambaye maana ya 1990 imemtaja kwa makusudi. Mama anayeulizwa achague sindano ya mgongoni au usingizi kamili hawezi kuchagua kwa lugha ya kitabu. Na ndani ya chumba cha upasuaji, damu inapotoka kwa wingi, watu hawasemeshani Kiingereza.

Liko pia pingamizi la kitaaluma: kwamba mwongozo humfanya mtaalamu kuwa karani. Karema ina jibu lake la kihistoria. Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani Afrika Magharibi akasomeshwa utabibu Malta, alifika hapo mwaka 1889 akatibu hadi alipofariki mwaka 1956. Ustadi wa namna hiyo hukaa ndani ya mtu na huondoka naye. Mwongozo mzuri unamruhusu mtaalamu kuuacha, kwa sharti moja: aandike kwa nini. Muuguzi wa usingizi aliyetumia ketamini badala ya sindano ya mgongoni kwa sababu mama alikuwa amepoteza damu nyingi hajaasi. Ametoa taarifa ambayo kamati inayotunga mwongozo huko Dodoma haiwezi kuipata kwingine. Mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi wa 2018 hadi 2025 ulikusudia huduma hizi ziwafikie watu wengi zaidi, na huko zinakofika ndiko karatasi kama hizo zinakoandikwa. Toleo lijalo la mwongozo likitungwa bila kuzisoma, litakuwa limeandikiwa hospitali ya taifa ya Muhimbili.