Umri wa taa ya LED ndani ya bwawa la kuogelea

Umri wa taa ya LED ni idadi ya saa ambazo taa huwaka kabla mwanga wake haujashuka chini ya kiwango kilichokubaliwa. Kwa kawaida kiwango hicho ni asilimia 70 ya mwanga wa siku ya kwanza, nacho huandikwa L70. Taa yenye L70 ya saa 50,000 haizimiki saa hizo zikitimia. Huendelea kuwaka, ila imepoteza karibu theluthi ya mwanga wake.

Hapo ndipo neno umri linapowapotosha wengi. Lilizoeleka enzi za balbu ya uzi, ambayo mwisho wake hauna ubishi: uzi wa tungsteni unakatika, fundi anasema taa imeungua, inanunuliwa nyingine. Diodi haina uzi. Ni kipande kidogo cha semikonda kinachotoa mwanga umeme unapopita upande mmoja, na kwa kadiri kinavyotumika hufifia polepole. Kwa hiyo L70 ingeitwa kwa usahihi zaidi muda wa kufifia, na neno umri libaki kwa taa nzima. Istilahi ya pili inayohitajika ni uthabiti: uwezekano wa kifaa kizima kufanya kazi bila hitilafu kwa muda uliotajwa, katika mazingira yaliyotajwa. Neno uimara halitoshi, kwa kuwa husifu ugumu wa umbo tu, na utegemezi una maana nyingine kabisa.

Muda wa kufifia haupimwi kwa kusubiri. Saa 50,000 mfululizo ni zaidi ya miaka mitano na nusu, na hakuna kiwanda kinachongoja hivyo. Utaratibu unaofuatwa, LM-80, ulitolewa mwaka 2008 na chama cha wahandisi wa mwanga cha Marekani. Diodi huwashwa maabarani kwa saa zisizopungua 6,000 katika joto linalodhibitiwa, kisha mwenendo wa kufifia kwake hukadiriwa mbele kwa hesabu ya TM-21 ya mwaka 2011, bila kuvuka mara sita ya saa zilizopimwa. Kinachopimwa ni diodi peke yake, katika hewa kavu. Gasketi, kebo na sakiti havimo.

Katika hoteli ya Diani au Zanzibar, ambako usiku una saa kama 12 mwaka mzima, taa ya bwawa inayowaka hadi alfajiri hutumia takriban saa 4,380 kwa mwaka. Kwa hesabu ya saa 50,000 zilizoandikwa kwenye boksi ingedumu miaka kumi na moja na ushei. Ya nyumbani, inayowaka saa nne kila jioni, ingedumu miaka 34. Taa nyingi hufa mapema kuliko hapo, na zinapokufa diodi zake mara nyingi bado ni nzima.

Muuaji wa kwanza ni maji. Taa ikiwaka, hewa iliyomo ndani yake hupata joto na kutanuka. Ikizimwa, maji ya bwawa huipoza haraka, hewa inasinyaa na kuvuta maji kupitia upenyo wowote. Mchezo huo hurudiwa kila usiku. Gasketi, yaani mpira wa mviringo unaobana kioo na mwili wa taa, ikishapoteza mnepo wake huruhusu matone machache, na machache yanatosha. Alama ya IP68 huonyesha kwamba taa inavumilia kuzama mfululizo kwa kina alichotaja mtengenezaji. Haisemi lolote kuhusu klorini au uzee wa mpira. Ndiyo maana baadhi ya taa hujazwa epoksi ndani ili pasiwe na hewa ya kutanuka. Suluhisho hilo ni zuri, ila taa ya namna hiyo haifunguki: ikiharibika hutupwa nzima.

Muuaji wa pili ni joto, na hapa maji ni rafiki, kwa kuwa ndiyo yanayopoza mwili wa taa. Kuiwasha wakati bwawa limekaushwa kwa usafi au kupakwa rangi ni kuichoma. Kinachoumia mwanzo ni kiendeshi, yaani sakiti inayogeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu na kuudhibiti. Kapasita zake za elektroliti hupoteza takriban nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa usalama wa waogeleaji, taa za ndani ya maji kwa kawaida hutumia volti 12 kupitia transfoma. Transfoma ya sumaku hupunguza kwa uwiano tu: ikipokea volti 230 hutoa 12, ikipokea 260 hutoa karibu 13.6. Umeme wa mtaani ukipanda, mzigo wote unakiangukia kiendeshi.

Kwa sababu hizo waranti ya miaka miwili kwenye taa ya saa 50,000 si ulaghai. Saa zinazungumzia kufifia kwa diodi. Waranti inazungumzia uthabiti wa taa nzima, na mnunuzi afadhali aanze kwa kusoma waranti. Fundi anayeitwa kwa taa iliyozimika naye hana haja ya kukimbilia diodi. Katika bwawa lililojengwa vizuri, kebo ya akiba huzungushwa nyuma ya taa, hivyo baada ya kukata umeme taa inaweza kuinuliwa hadi ukingoni bila kupunguza maji. Ukungu ndani ya kioo, ukijani kwenye shaba ya viungio, au gasketi iliyobaki bapa baada ya kutolewa huonyesha maji yalipopitia. Na taa ikishafunguliwa, gasketi ile ile isirudishwe, inawekwa mpya.