Jina la Mji Halina Mwenyewe Mmoja: Kisa cha Roubaix na Duka la Baiskeli

Tangu zamani watu wamegombania ardhi, maji na malisho. Zama zetu hizi limezidi jambo jingine ambalo wazee wetu hawakulijua sana, nalo ni kugombania majina. Mtu hulichukua neno, akaenda nalo serikalini akaliandikisha, kisha akarudi sokoni na karatasi mkononi akiwaambia wenziwe: neno hili tangu leo ni langu, msilitumie. Je, hiyo ni haki au ni dhulma? Jawabu lake si la neno moja, kwani ndani yake mna haki na mna dhulma pia, na mpaka baina yao ni mwembamba. Tutautafuta mpaka huo kwa kisa kilichotokea Kanada mwaka 2013, baina ya kampuni kubwa ya baiskeli na mwenye duka mdogo, kisha tuangalie yaliyotupata sisi wenyewe.

Huenda ndugu msomaji aliyeko Mombasa, Tanga au Unguja akauliza: sisi yatuhusu nini mambo ya baiskeli za Kanada? Hapa Magu, mashariki ya mji wa Mwanza, baiskeli ndiyo punda wa mtu asiye na kitu. Huchukua samaki kutoka mwaloni, yaani pale pwani ya ziwa wanaposhukia wavuvi. Huchukua gunia la mahindi, madumu ya maji, na pengine mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Kando ya barabara, chini ya mti, hukaa fundi na spana zake, na beseni la maji la kutafutia tundu la mpira. Fundi huyo akiandika kwenye kibao chake jina la baiskeli anazozitengeneza, je, ameiba? Akiliita banda lake kwa jina la mji au la mlima, na kumbe liko tajiri wa mbali aliyeliandikisha jina hilo, je, aking'oe kibao chake? Hilo ndilo swali lililomfika mwenye duka wa Kanada, na laweza kumfika yeyote katika sisi.

Kwanza tuseme haki ya alama. Wanawake wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mama anapokunjua kanga dukani hutazama rangi, husoma jina, kisha hutafuta alama ya mwenye kuiuza. Kwa miaka mingi kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimejulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Maneno hayo ni ahadi baina ya muuzaji na mnunuzi, kwamba kitambaa hiki ni cha nyumba fulani, kikichujuka unajua wa kumlaumu. Mtu mwingine akiyachapa maneno hayo juu ya kitambaa chake duni amemkhini mwenye alama, na amemkhini mama wa watu aliyetoa fedha zake kwa kuamini. Hiyo ni ghushi, na katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasib akizunguka sokoni, akiangalia mizani na vipimo na kuwazuia wenye kughushi. Sheria za alama za biashara, tangu ile ya Uingereza ya 1875 hadi ile ya Tanzania ya 1986, zimefanya sehemu ya kazi hiyo hiyo.

Lakini angalia vizuri. Mwenye "Mali ya Abdulla" hakusema kwamba neno kanga ni lake, wala hakuwashitaki wenye maduka wengine kwa kuuza leso. Alichukua jina la nyumba yake, akawaachia watu jina la watu.

Kampuni za baiskeli nazo zina tarikhi yake. Raleigh, iliyowabeba wazazi wetu wengi, ilipata jina lake kwa mtaa tu. Karakana yake ya kwanza ilikuwa katika Raleigh Street, mji wa Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880, na mtaa ule wenyewe uliitwa hivyo kwa kumbukumbu ya mtu aliyekufa zamani. Jina lilipita kutoka kwa mtu hadi mtaa, na kutoka mtaa hadi baiskeli. Hakuna ubaya katika kuazima namna hiyo. Ubaya huja pale aliyeazima anapojidai kuwa yeye ndiye chimbuko, akawafungia wengine mlango alioingilia mwenyewe.

Ama Roubaix ni mji wa kaskazini ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji, mji uliotajirika kwa viwanda vya kufuma nguo za sufi. Mwaka 1896 matajiri wawili wa viwanda hivyo walianzisha mashindano ya baiskeli kutoka upande wa Paris hadi mjini kwao. Mashindano hayo yangaliko hata leo. Mwendo wake hupita kilomita 250, na sehemu yake ni njia za mashambani zilizotandikwa mawe, ambazo huwatikisa waendeshaji hata mikono ikafa ganzi. Mvua ikinyesha hufika wamejaa matope, hata mtu hamtambui mwenziwe. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, watu walipoirudia njia ile mwaka 1919 na kuikuta imechimbwa na mizinga, waliiita Jahanamu ya Kaskazini. Mshindi hupewa jiwe moja la njia ile, na kwa mwendesha baiskeli jiwe hilo lina thamani kuliko kikombe cha fedha. Basi kwa watu wa baiskeli duniani, kutaja Roubaix ni kutaja subira na ushujaa. Jina hilo lilijengwa kwa jasho la vizazi vingi vya waendeshaji na la watu wa mji wenyewe, wala halikujengwa na kampuni yoyote.

Katika mji mdogo wa Cochrane, karibu na Calgary, katika jimbo la Alberta huko Kanada, askari mmoja aliyewahi kutumikia jeshi la nchi yake Afghanistan alifungua duka la baiskeli. Akaliita Café Roubaix, kwa mapenzi ya mashindano yale. Lilikuwa duka dogo tu. Mwaka 2013 ikamjia barua ya mawakili wa kampuni ya Marekani iitwayo Specialized. Kampuni hiyo iliasisiwa California mwaka 1974 na Mike Sinyard, ikakua hata ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za baiskeli duniani, na mojawapo ya baiskeli zake huitwa Roubaix. Ilikuwa imeliandikisha jina hilo Kanada kuwa alama yake. Barua ilimtaka mwenye duka aliache jina la Roubaix.

Mtu yule akatafuta ushauri wa sheria. Akaambiwa kwamba hoja anayo, lakini kuifikisha hoja hiyo mbele ya hakimu hadi mwisho wake kungemgharimu zaidi ya dola laki moja. Ndugu msomaji, simama hapa kidogo, kwani hapa ndipo ilipo siri ya dhulma ya aina hii. Mwenye nguvu hana haja ya kushinda kesi. Yamtosha kumwonyesha mnyonge bei ya kuingia mahakamani. Mnyonge huhesabu fedha zake, akawatazama watoto wake, kisha akakishusha kibao kwa mkono wake mwenyewe. Dhulma imetimia, na hakuna hakimu aliyetamka neno.

Khabari hizo zilitoka katika gazeti la Calgary mwezi wa Desemba 2013, na watu wakachafukwa. Waendesha baiskeli wa nchi nyingi waliiandikia kampuni maneno makali, wengine wakaapa kutonunua tena bidhaa zake, na wengine wakaagiza vitu kutoka duka lile dogo wasilopata kuliona. Kampuni ilijitetea kwamba sheria inamlazimisha mwenye alama kuitetea, la sivyo itampotea. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na si uadilifu kulificha: alama ikiachwa itumiwe ovyo na kila mtu, mwenyewe huweza kupokonywa. Lakini kutetea kuna njia nyingi. Njia mojawapo ni kumwandikia mwenye duka ruhusa ya kutumia jina kwa masharti mepesi. Alama isingepotea, wala duka lisingetishwa.

Kisha likatokea jambo ambalo hata mtunga hadithi angeona haya kulitunga. Kampuni nyingine ya Marekani, Advanced Sports International, wenye baiskeli za Fuji, ilijitokeza ikasema kwamba jina la Roubaix katika biashara ya baiskeli ni lake yeye, na kwamba amelitumia tangu mwaka 1992. Ikasema kwamba Specialized ni mpewa ruhusa tu tangu 2003, na hakuwa na idhini ya kuliandikisha jina hilo Kanada. Ikaongeza kwamba mwenye duka la Cochrane hana neno, na aendelee na jina lake. Yaani ni mpangaji aliyesimama barazani akimfukuza mpita njia aliyekaa kupumzika, mara mwenye nyumba akatoka ndani akasema: mwache akae, hata wewe umepanga.

Mwezi ule ule Mike Sinyard alifunga safari mwenyewe hadi kwenye duka lile, akamwomba mwenyewe radhi uso kwa uso. Duka likabaki na jina lake. Hatuna budi kumpa haki yake kwa hilo. Matajiri wengi huomba radhi kwa karatasi iliyoandikwa na mwingine, lakini yeye alikwenda kwa miguu yake.

Na sisi je? Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipeleka ombi la kuandikisha huko neno KIKOY liwe alama yake. Kikoi! Vazi la baba zetu, linalofungwa kutoka Lamu hadi Kilwa na zaidi. Lau ombi lingepita, mfumaji wa Kenya angepeleka vikoi vyake London akaambiwa asiviite vikoi. Wafanyabiashara wa Kenya walipinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza, na mwaka 2008 ombi likahesabiwa kuwa limeachwa. Disney nao walipeleka ombi la kuandikisha maneno "Hakuna Matata" mwaka 1994, mwaka ilipotoka filamu yao ya The Lion King, na mwaka 2003 yakaandikishwa Marekani kwa ajili ya mavazi. Hali bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikwisha kuyaimba tangu 1982, na watu wa kawaida wakiyasema kabla yake. Desemba 2018 makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi kuyapinga. Usajili ule haukumzuia mtu kutamka maneno hayo nyumbani kwake, na waliosema hivyo walizidisha. Lakini uchungu wao ulikuwa na asili: waliona neno la watu wote limetiwa bei na mtu ambaye hakulizaa.

Katika visa hivi mna mafunzo kwa mwenye mali na kwa asiye na mali. Mwenye alama na ailinde dhidi ya mwenye kughushi, lakini asiifanye wavu wa kuvulia wasio na hatia. Fundi na mwenye duka mdogo nao wasingoje barua ya wakili. Wakibuni jina lao wenyewe waende BRELA, au kwa msajili wa nchi yao, waliulizie na kuliandikisha mapema, kwani haki isiyoandikwa ni vigumu kuitetea mbele ya karatasi ya mwingine. Na sisi umma, tukimtetea mnyonge, tumtetee kwa adabu. Kijana anayeuza baiskeli za kampuni ile katika duka la mbali hakuandika barua ya mawakili, na kumtukana yeye ni kuongeza dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Jina la nyumba yako ni lako, lilinde. Jina la mji, la vazi na la usemi wa watu ulilikuta, na litabaki baada yako. Litumie kama unavyotumia njia: pita, wapishe na wengine wapite.