Tasnifu, kalenda na hofu ya mtoto wa nne

Mwaka 1965 David Lodge, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Birmingham aliyekuwa na miaka 30, alitoa riwaya ya kuchekesha iitwayo The British Museum Is Falling Down. Mhusika mkuu, Adam Appleby, ni mwanafunzi Mkatoliki anayeandika tasnifu kuhusu sentensi ndefu katika riwaya za Kiingereza. Kazi haisogei. Anakwenda kwenye ukumbi wa kusomea wa British Museum jijini London, uliofunguliwa 1857, ambamo Karl Marx naye alisoma, lakini akili ameiacha nyumbani: mkewe Barbara amechelewa kuona siku zake, na watoto tayari ni watatu.

Wanandoa hawa wanapanga uzazi kwa kufuata kalenda, maana Kanisa haliwaruhusu njia nyingine. Kuna kipimajoto, kuna chati, kuna hesabu, na hesabu imeshawaponyoka. Basi mtafiti wetu anahangaika na simu kuulizia habari huku vitabu vikimngoja mezani. (Aliyewahi kuandika tasnifu huku akilea hahitaji kufafanuliwa.) Siku hiyohiyo binti mmoja anamwahidi muswada wa mwandishi marehemu, bahati ya kumtoa mtafiti yeyote kimaisha, ila anataka kwanza alale naye.

Adam amesoma riwaya mno hata maisha yake yanaanza kufanana nazo: ukurasa huu unaiga Kafka, ule Conrad, mwingine Virginia Woolf. Kwangu, sura bora ni ya mwisho, pale Barbara aliyesubiri kutwa nzima anapopewa nafasi ya kusema, kwa mtindo wa James Joyce, maneno yakitiririka bila nukta. Sentensi ndefu kuliko zote ni ya mkewe.

Hofu yao haikubuniwa. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII aliunda tume ya kuchunguza suala la uzazi, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, na vidonge vya kuzuia mimba vilikuwa vimeshaanza kutumika. Waumini wengi waliona ruhusa iko njiani. Mwaka 1966 wajumbe wengi wa tume wakapendekeza mabadiliko. Julai 1968 Papa Paulo VI akatoa waraka wa Humanae Vitae, na katazo likabaki palepale.

Lodge alilirudia suala hilo mwaka 1980 katika How Far Can You Go?, safari hii kwa kicheko kichungu zaidi. Alifariki tarehe 1 Januari 2025 akiwa na miaka 89. Waraka ule haujafutwa.