Namugongo na Wafu Wasio na Sikukuu

Kila tarehe 3 Juni ofisi za serikali nchini Uganda hufungwa, na barabara ziendazo Namugongo, nje kidogo ya Kampala, hufurika mahujaji. Wengine hutembea kwa miguu siku nyingi, wakiwamo watokao Kenya na Tanzania. Viongozi wa dola huketi mstari wa mbele.

Tukio lenyewe linafahamika. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga wa Pili aliamuru vijana wa kasri lake, Karoli Lwanga na wenzake, wachomwe moto mahali hapo. Katika mauaji yote ya 1885 hadi 1887, Wakatoliki huhesabu mashahidi 22, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Waanglikana huhesabu 23. Waliteketea pamoja, ila misa na ibada za kuwakumbuka hufanyika katika viwanja viwili.

Mimi hunishughulisha zaidi wale wasiotajwa. Miaka kumi hivi kabla ya hapo, Mutesa wa Kwanza, baba yake Mwanga, aliwaua Waislamu kwa makumi, pale pale Namugongo. Uislamu ulikuwa umefika Buganda kwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani, na Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani. Lakini vijana walipokataa nyama ya wachinjaji wa kasri, na kukataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa, alihesabu kuwa ni uasi. Nao pia walikufa kwa ajili ya imani. Mbona kalenda ya taifa haiwajui?

Jibu halimo katika uzito wa imani yao. Mashahidi wa Kikristo walikuwa na wamisionari walioandika majina na kupeleka habari Ulaya. Waislamu hawakuwa na mwandishi wa namna hiyo. Kisha vita vya dini vya 1888 hadi 1892 viliwapa Wakristo madaraka na vyeo Buganda, na dola iliyofuata ikarithi kumbukumbu za walioshinda.

Mwanga naye hukumbukwa siku hiyo kama muuaji tu. Ndiye huyo huyo aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1897, akakimbilia himaya ya Wajerumani, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, na kufia uhamishoni Seychelles mwaka 1903. Huko uhamishoni alibatizwa, akaitwa Danieli.