Kamera za dijitali Matungu: uchaguzi wa vifaa na utatuzi wa hitilafu

Matungu ni eneo bunge na kaunti ndogo magharibi mwa Kaunti ya Kakamega, Kenya, lenye wadi tano: Koyonzo, Kholera, Khalaba, Mayoni na Namamali. Ni nchi ya Wawanga na ya miwa. Kwa mpiga picha wa kujifurahisha, vitu vinavyoamua kamera itadumu miaka mingapi huko ni unyevu, vumbi na masizi, jua la ikweta, na umeme. Makala hii inafuata mambo hayo badala ya orodha za watengenezaji, kwa kuwa vijitabu vinavyokuja na kamera havikumfikiria mtu anayeihifadhi chini ya bati wakati wa mvua za masika. Isitoshe, kamera nyingi zinazopelekwa kwa fundi zikiitwa mbovu huwa zina ugonjwa wa kadi, betri au kitufe kilichoguswa na mtoto.

Uchaguzi wa kamera

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa na Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na megapikseli 0.01 na ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kamera zenye kioo na lenzi za kubadilisha zilianza kuwafikia watu wa kawaida mwaka 2003, Canon EOS 300D ilipouzwa kwa bei ya chini ya dola 1,000. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilianzisha aina mpya za lenzi, RF na Z, kwa ajili ya kamera zisizo na kioo. Waliohamia huko waliuza walichokuwa nacho, na ndiyo sababu kamera nzuri za kioo sasa zinapatikana kama mitumba, zile ambazo maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, huziita ex-UK. Kwa anayeanza, hilo ndilo soko la kulitazama kwanza.

Muuzaji atataja megapikseli kabla hujamaliza kusalimia. Mwache amalize. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 2 na chembe tu. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji kama 9. Nikon D3200 ya mwaka 2012 ina 24 na Canon EOS 1300D ya 2016 ina 18, kwa hiyo zote mbili zina ziada. Simu inayotangazwa kuwa na megapikseli 50 haizishindi, maana kinachokusanya mwanga ni eneo la kihisi. Kihisi cha 1300D kina milimita 22.3 kwa 14.9, cha simu ya bei nafuu huwa kama milimita 5 kwa 4. Tofauti ya eneo ni zaidi ya mara 10, na inaonekana jioni, kwenye mkesha au ndani ya nyumba, pale picha ya simu inapochafuka kwa chembechembe za rangi. Juani mchana, simu inatosha, na asiyepiga picha gizani hana haja ya kununua kitu kingine.

Pesa inayobaki baada ya kununua kamera iende kwenye lenzi. Ile ya 18–55 inayouzwa pamoja na kamera ni nzuri nje, lakini ikivutwa hadi milimita 55 tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Katika kanisa lenye madirisha madogo, hiyo ndiyo tofauti kati ya kwaya inayoonekana nyuso na kwaya iliyotikisika. Canon ilitoa toleo la STM la lenzi hiyo mwaka 2015, na ndiyo lenzi ya pili ambayo mtu wa Canon anapaswa kuinunua.

Upande wa Nikon kuna mtego. Kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo lenzi ya zamani ya AF 50mm f/1.8D itaingia vizuri na picha itapigwa, ila fokasi utaizungusha kwa mkono. Lenzi inayotakiwa ni AF-S 50mm f/1.8G. Vivyo hivyo lenzi mpya zenye herufi AF-P hazifokasi zenyewe kwenye D3200. Mnunuzi asiyejua hili huirudisha kamera dukani akidai ameuziwa mbovu, na muuzaji asiyejua humrudishia pesa.

Majina nayo huchanganya. EOS 1300D ya Ulaya ndiyo Rebel T6 ya Marekani na Kiss X80 ya Japani. Ni kamera ileile, na betri yake ni LP-E10 popote ilikotoka. Chaja za Canon na Nikon huandikwa 100–240V, kwa hiyo ya Marekani inafanya kazi kwenye umeme wa volti 240 wa Kenya kwa adapta ya plagi tu. Isome ile lebo ndogo chini ya chaja kabla ya kuichomeka, maana chaja bandia wakati mwingine haina maandishi hayo. Sony zilizouzwa Japani ziangaliwe menyu kabla ya kulipa: nyingi zina Kijapani peke yake.

Kamera ya mitumba hupimwa kwa shata. Nikon ilitangaza kuwa shata ya D3200 ilijaribiwa kwa mipigo 100,000. Mtu anayepiga picha 1,500 kila Jumamosi kwenye harusi hufikia idadi hiyo kabla ya mwaka mmoja na nusu kwisha, kwa hiyo kamera iliyotoka kwa mpiga picha wa harusi yaweza kung'aa nje huku umri wake umekwisha. Nikon huandika hesabu ya mipigo ndani ya kila picha, na programu ya bure ya ExifTool huisoma. Omba utumiwe picha iliyopigwa siku hiyo, ambayo haijapitia WhatsApp, maana WhatsApp hufuta taarifa hizo. Canon za bei ya chini haziandiki hesabu hiyo kwenye picha. Hapo inabidi kutazama raba zilizolegea, vitufe vilivyofutika maandishi na mikwaruzo ya pale kamba inapofungwa.

Unyevu na kuvu

Kaunti ya Kakamega hupata mvua ya kati ya milimita 1,280 na 2,214 kwa mwaka. Kuvu hupenda hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi, giza, na hewa isiyotembea. Maelezo hayo ni ya mkoba wa kamera ulioning'inizwa nyuma ya mlango tangu Krismasi. Mkoba wa ngozi ndio mbaya kuliko yote kwa sababu ngozi yenyewe hushika maji.

Kuvu hutambulika hivi. Toa lenzi kwenye kamera, fungua vifuniko vyote viwili, fungua tundu lake kabisa, kisha mulika tochi ya simu kutoka nyuma huku ukichungulia mbele kwa pembe. Chembe chache za vumbi si neno. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Ikiwa changa, fundi anaweza kuifuta. Ikikaa, hula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, na hapo hata ikisafishwa alama hubaki na picha zinazoelekea jua huwa na ukungu. Lenzi ya mitumba yenye nyuzi hizo isinunuliwe, hata ikiuzwa nusu bei.

Kinga yake si ghali. Chukua kontena la plastiki la jikoni lenye kifuniko kinachobana, weka ndani pakiti za silika na kipimo kidogo cha unyevu, kisha weka kamera bila mkoba. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio unaofaa. Silika yenye rangi hubadilika ikishiba maji, na ikikaushwa kwa moto mdogo kama wa digrii 110 hurudi kazini. Mchele, ambao watu wengi huusifu, una unga unaoingia kwenye vitundu na haukaushi vya kutosha. Dawa nyingine haina gharama kabisa: itumie kamera. Lenzi inayotoka nje kila wiki na kupata mwanga haiwi shamba la kuvu.

Vumbi na masizi

Kiangazi cha Desemba hadi Februari barabara za murram hutoa vumbi jekundu, na shamba la miwa linapoungua masizi meusi huruka mbali. Kubadilisha lenzi mahali hapo ni kukaribisha uchafu kwenye kihisi. Zima kamera, elekeza mdomo wake chini, ubadilishe haraka. Uchafu wa kihisi hupimwa kwa kupiga picha ya anga kwa f/22: madoa yanayokaa palepale katika kila picha yako kwenye kihisi, na yanayopotea ukibadilisha lenzi yako kwenye lenzi. Puliza kwa mpira wa hewa, kamwe si kwa mdomo, maana mate hukauka juu ya kihisi na kuacha alama mbaya kuliko vumbi. Betri iwe imejaa kabla ya kufungua kioo kwa usafi. Ikiisha katikati, kioo hushuka juu ya kifaa unachosafishia.

Mwanga

Matungu iko karibu na nyuzi 34.5 mashariki, ilhali saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa nyuzi 45. Kwa hiyo jua hufika kilele chake kama saa sita na dakika 40 mchana. Mwezi Machi na Septemba huwa karibu kabisa utosini, na macho ya watu huzama kwenye vivuli vya nyusi zao. Hakuna kamera inayotibu hilo. Wahamishe watu chini ya mwembe, au simamisha mtu na shuka jeupe mbele yao, au subiri saa kumi na moja jioni. Usichelewe, kwa kuwa ikweta haina machweo marefu: jua likizama, mwanga wa maana hubaki kwa dakika ishirini hivi.

Malalamiko kwamba kamera inawafanya watu kuwa weusi kupita kiasi hutokana na mita yake. Mita hudhani kuwa kila kitu kilicho mbele yake kikichanganywa ni kijivu cha wastani. Bi harusi wa gauni jeupe mbele ya anga jeupe huifanya ipunguze mwanga, na uso wake hupoteza umbo. Sogeza kirekebisho cha mwanga hadi +1. Wazee wa suti nyeusi wakijaza fremu, kamera hufanya kinyume. Rudisha hadi −0.7. Anayepiga kwa faili ghafi badala ya JPEG ana nafasi zaidi ya kusahihisha baadaye.

Picha iliyo nusu nyeusi chini ya flashi huwatisha watu. Kamera za daraja la chini za Canon na Nikon haziwezi kusawazisha flashi ya kawaida kwa kasi inayozidi 1/200. Ukipiga kwa 1/500, pazia la shata limeshaanza kufunga. Shusha kasi. Ikiwa nusu hiyo nyeusi inatokea bila flashi, basi pazia lenyewe linakufa. Flashi inayochukua nusu dakika kujaa nayo huwa nzima: ina betri za kaboni za kioski. Betri nne za kuchaji za NiMH hutatua hilo kwa miaka.

Mistari inayotembea kwenye video ya ukumbini ni ya taa. Umeme wa Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100. Weka mfumo wa PAL na kasi ya 1/50 au 1/100.

Kadi na ujumbe wa hitilafu

Kadi bandia ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu hufanya kazi hadi siku ya sherehe. Huandikwa GB 128 na kompyuta huamini, lakini ndani ina GB 8. Zikijaa, picha mpya hupotea au kuandikwa juu ya za zamani. Ijaribu siku ya kuinunua kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Zote ni za bure na huijaza kadi nzima kisha kuisoma. Kamera za kabla ya 2009 hazisomi kadi za SDXC, yaani zinazozidi GB 32. Picha zikifutika kwa bahati mbaya, toa kadi mara moja, usipige hata moja zaidi, kisha tumia PhotoRec.

Err 01 ya Canon maana yake kamera na lenzi hazielewani. Futa vigusio vya dhahabu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye tone la alkoholi ya isopropili. Kifutio cha penseli huacha chembe ndani. Err 02 ni kadi. FEE ya Nikon huonekana kwa lenzi ya zamani ambayo pete ya tundu haijafungwa kwenye namba kubwa kabisa. Kitufe kikigoma kupiga kabisa, tazama swichi ya AF na MF ubavuni mwa lenzi, au umbali: 18–55 haifokasi karibu zaidi ya sentimita 25 hivi. Na ikiwa kila kitu ni ukungu kwenye kitundu cha kuchungulia lakini picha ni safi, gurudumu dogo lililo kando ya kitundu hicho limezungushwa. Lirudishe hadi maandishi ya ndani yaonekane sawasawa.

Kamera iliyolowa

Iliyonyeshewa hutolewa betri na kadi papo hapo, haiwashwi hata kwa kuijaribu, na huwekwa kwenye kontena la silika kwa siku kadhaa. Iliyozama kwenye maji ya Nzoia ni habari nyingine: maji ya mto yana udongo, na yakikauka udongo hubaki kwenye saketi. Hiyo hupelekwa kwa fundi ikiwa bado mbichi, afungue na kuosha kwa alkoholi, na gharama yake ilinganishwe na bei ya kamera nyingine ya mitumba kabla ya kumwambia aanze. Lenzi na kadi mara nyingi huokoka hata kamera isipookoka.