Waridi, Majivu na Mrututu

Sisi watu wa visiwani tulilijua waridi kwa pua kabla ya kulijua kwa macho. Lilitufikia ndani ya mrashi, limekwisha kuwa maji, likanyunyizwa harusini na penye maulidi. Mti wenyewe ulikuwa wa nyua chache. Huenda ndiyo sababu washairi wetu wamelisifu mno ua hili, na habari za kulilea wakawaachia wengine.

Nilipokwenda kukaa kwa shangazi yangu Olasiti, upande wa magharibi wa jiji la Arusha, nilikuta safu mbili za miwaridi mbele ya nyumba. Shangazi hataki dawa za dukani. Miti yake huilisha samadi, maganda ya ndizi na majivu ya jikoni. Vidukari huwafukuza kwa maji ya mwarobaini, na wakizidi, kwa majani ya utupa yaliyotwangwa. "Ni vitu vya asili, mwanangu, vitadhuru nini?" aliniambia. "Wazee walilima hivi hivi, na mawaridi yao hayakuugua." Nami nikitazama, nusu ya miti ile ilikuwa imegeuka manjano, mishipa ya majani tu ndiyo iliyobaki kijani.

Tuanze na hao wazee. Waridi lao lilikuwa mti mwingine. Lile la marashi, linalolimwa hadi leo katika Jabal Akhdar, Oman, huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka, kati ya Machi na Mei. Ilikuwa mwishoni mwa karne ya 18 ndipo miwaridi ya Uchina, yenye kuchanua tena na tena, ilipoanza kufika Ulaya na kuchanganywa na ya huko. Mwaka 1867 Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, Ufaransa, alitoa waridi aliloliita La France, ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza katika ukoo wa mawaridi ya kisasa. Ukoo huo ulikosa manjano iliyokolea. Joseph Pernet-Ducher, naye wa Lyon, akaitafuta kwa waridi la Uajemi, na mwaka 1900 akatoa Soleil d'Or. Rangi ikaja na maradhi: waridi lile la Uajemi ni dhaifu mno mbele ya ukungu wa madoa meusi, na wajukuu wakarithi vyote viwili. Mawaridi yaliyolimwa chini ya Meru kwa ajili ya soko la Ulaya ni ya ukoo huu wa kisasa, na mengi ya bustanini kwetu vilevile. Kumtaka mjukuu huyo aishi kwa chakula na dawa za babu yake wa Oman ni kumwonea.

Wala si kweli kwamba wakulima wa zamani hawakutumia dawa. Huko Bordeaux wenye mizabibu walikuwa wakiipaka mrututu na chokaa ile iliyo kando ya barabara, ili wapita njia wasiibe zabibu. Mwaka 1882 Pierre Millardet aliona kwamba mizabibu hiyo ndiyo iliyobaki na majani, ilhali mingine imekaushwa na ubwiri. Mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo. Wakulima wa kahawa wa Meru na Kilimanjaro wanaujua vyema mrututu. Kilimo hai nacho huruhusu shaba, lakini shaba haiozi; hujilimbikiza udongoni na kuwadhuru minyoo. Kwa hiyo tangu mwaka 2019 Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7.

Ama hilo la "vitadhuru nini", mvuvi wa mwambao hahitaji kufundishwa. Utupa ukitiwa dimbwini, samaki hulewa wakaelea. Sumu yake ni ya jamii ya rotenoni, ambayo kwa miaka mingi watu wa kilimo cha asili duniani waliitumia bila wasiwasi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya waliopewa rotenoni mfululizo walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson.

Mwarobaini una ushahidi bora. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer aliwaona nzige nchini Sudan wakila kila jani, wakauacha mwarobaini. Mwaka 1968 wanakemia wa Uingereza, Butterworth na Morgan, wakaitenga azadiraktini, kiini cha uchungu ule. Haiui papo hapo. Humzuia mdudu kula na kujivua gamba. Jua huivunja upesi, kwa hiyo hupigwa jioni na kurudiwa. Shangazi alikuwa akiipiga saa sita mchana, kisha akilalamika kuwa miarobaini ya siku hizi haina nguvu.

Majivu ndiyo yaliyonisikitisha zaidi, maana ni dawa kweli, ila si ya kila mahali. Waridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH 6 hadi 6.5. Majivu hupunguza uchachu, na udongo uliochacha kupita kiasi huyashukuru. Lakini Meru ni mlima wa volkano uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na visima vingi vya nyanda zake vina magadi na floridi. Ukizidisha majivu juu ya magadi, mti hushindwa kuchukua chuma, na jani hugeuka manjano likabakiza mishipa ya kijani. Maganda ya ndizi hayana kosa. Yaoze kwanza lunduni.

Shangazi pia hakuruhusu tone la maji liguse jani, kwa kuogopa ubwiri unga wa miezi ya baridi. Hofu hiyo ni ya ukungu mwingine. Madoa meusi ndiyo yanayohitaji jani lililolowa kwa muda wa saa 7 hivi. Mbegu za ubwiri unga hazipendi kuzama majini. Mwaka 1992 Kenneth Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo kuwa bikaboneti ya sodiamu iliyochanganywa na mafuta hupunguza maradhi yote mawili ya waridi. Magadi ya Natron ni makali zaidi, yasijaribiwe.

Ya majivu shangazi aliyakubali siku ile ile. Ya utupa alinibishia siku tatu, mpaka nilipomwuliza maji ya bustani yake huelekea wapi mvua ikinyesha. Alinyamaza, akatazama bondeni. Jirani wa chini ana kidimbwi cha perege.