Mkono Unaotwaa na Mkono Unaotoa

Mwaka wa 1905 palitokea ugomvi mkubwa kati ya Waprotestanti wa Marekani. Shirika lao moja la misioni, lenye makao mjini Boston, lilikuwa limepokea dola 100.000 kutoka kwa tajiri John D. Rockefeller, mwenye kompani ya mafuta iitwayo Standard Oil. Mchungaji mmoja, jina lake Washington Gladden, akasimama kupinga. Alisema mali ile ilipatikana kwa njia mbaya, na wanaoipokea wanajifanya washiriki wa aliyeipata. Wengine wakajibu kwamba fedha haina dhambi. Ikitumiwa kwa kazi ya Mungu, ubaya uko wapi? Halafu ikajulikana kwamba zawadi ile haikuja yenyewe: wakubwa wa shirika ndio waliokwenda kuiomba. Fedha ikabaki misioni.

Swali hilo si la Waprotestanti peke yao. Kila padri anayejenga kanisa, kila katekista anayetafuta mabati ya shule, siku moja atalikuta mlangoni pake. Ndiyo sababu tunataka kusema kidogo juu ya vitabu vilivyoandikwa juu ya tajiri huyu, maana ndani yake ugomvi ule wa 1905 umeendelea karibu miaka mia.

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe. Rockefeller alizaliwa mwaka wa 1839 katika jimbo la New York. Mwaka wa 1855, akiwa na miaka 16, alianza kazi ya karani wa hesabu mjini Cleveland. Katika daftari ndogo aliandika kila senti aliyoipata, aliyoitumia na aliyoitoa kanisani, kwa kuwa alikuwa Mbatisti mwenye bidii. Wazee husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwake haikupotea.

Mwaka wa 1859 kisima cha petroli kilichimbwa Titusville, katika jimbo la Pennsylvania. Siku zile motokari zilikuwa hazijaonekana. Petroli ilisafishwa ipate kuwa mafuta ya taa. Watu wengi walikimbilia kuchimba. Rockefeller aliona kwamba kuchimba ni kubahatisha, lakini kusafisha na kusafirisha ni mlango ambao mafuta yote hayana budi kuupita. Akaushika mlango. Mwaka wa 1870 alianzisha Standard Oil pamoja na wenzake, kwa mtaji wa dola 1.000.000.

Sasa tutazame mambo ya mwaka wa 1872, maana vitabu vyote hurudi hapo. Kompani za reli zilipatana kwa siri na wasafishaji wachache, Rockefeller akiwa mmoja wao, chini ya jina la South Improvement Company. Nauli ya kupeleka mafuta ingepandishwa kwa watu wote. Lakini wale wa mapatano wangerudishiwa sehemu ya nauli yao. Tena, na hili ndilo baya zaidi, wangepewa sehemu ya nauli iliyolipwa na washindani wao. Yaani mshindani akipakia pipa lake garini, analipa fedha ya kumnenepesha yule anayetaka kumwangusha. Siri ikafunuka, wachimbaji wakafanya ghasia, mapatano yakavunjwa kabla ya kutumika. Lakini hofu ilikwisha fanya kazi yake. Katika wasafishaji 26 wa Cleveland, 22 walimwuzia Rockefeller viwanda vyao katika muda wa miezi michache. Kabla miaka kumi haijapita, Standard Oil ilishika karibu sehemu 9 kati ya 10 za usafishaji wa mafuta katika Marekani yote.

Kitabu cha kwanza chenye nguvu juu ya mambo hayo ni kile cha Henry Demarest Lloyd, Wealth Against Commonwealth, cha mwaka wa 1894. Ni kitabu cha hasira. Kilichofuata kilikuwa na nguvu zaidi kwa sababu hasira yake ilikuwa imefungwa lijamu. Mwandishi wake, Ida Tarbell, alikuwa binti wa nchi ya mafuta; baba yake alitengeneza matangi ya mbao ya kutilia petroli, naye akaumia pamoja na wachimbaji wadogo. Kuanzia Novemba 1902 Tarbell alitoa habari zake katika gazeti la McClure's, na mwaka wa 1904 zikawa kitabu cha mafungu mawili. Hakutegemea maneno ya watu tu. Alitafuta maandiko ya mahakama na ushuhuda wa watu walioapa. Hata Henry Rogers, mmoja wa wakubwa wa Standard Oil, alikubali kuzungumza naye. Na sura nzima ya kitabu aliitoa kueleza ukubwa wa haki wa kompani ile: akili yake, utaratibu wake, kutopoteza hata tone. Mwaka wa 1905 akaandika tena, safari hii juu ya sura na roho ya Rockefeller mwenyewe. Hapo, kwa maoni yetu, aliiacha njia yake nzuri, maana moyo wa mtu hausomwi usoni pake.

Tarehe 15 Mei 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru Standard Oil ivunjwe; ikagawanyika kuwa kompani 34. Wasomaji wetu wanaijua tarehe hiyo. Ilikuwa miaka 20 kamili, siku kwa siku, tangu Papa Leo XIII atie sahihi barua yake Rerum Novarum, ambayo ndani yake alisikitikia biashara na kazi kuingia mikononi mwa watu wachache.

Baadaye vitabu viliendelea kupingana. Mwaka wa 1934, watu wengi wa Marekani walipokuwa bila kazi, Matthew Josephson alitoa The Robber Barons. Aliwafananisha matajiri hawa na mabwana wa zamani wa Ulaya waliowatoza wasafiri kwa nguvu. Rockefeller alifariki mwaka wa 1937. Mwaka wa 1940 Allan Nevins, aliyeruhusiwa kusoma barua zake, akamwonyesha kama mjenzi aliyeleta utaratibu mahali pa fujo. Mwaka wa 1953 alitoa kazi hiyo tena baada ya kuiandika upya. Mwaka wa 1998 Ron Chernow, katika kitabu chake Titan, aliziweka sura zote mbili pamoja bila kuifuta hata moja.

Je, nani tumfuate? Wanaomsifu wana mambo ya kweli mkononi. Bei ya mafuta ya taa ilishuka sana, na nyumba za maskini zikapata mwanga. Fedha yake ilianzisha Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1890, na Shirika la Rockefeller la mwaka wa 1913 lilipigana na magonjwa katika nchi nyingi. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba aliwalipa vema wasafishaji wa Cleveland. Na kweli, waliokubali hisa badala ya fedha walitajirika.

Lakini tumkumbuke Zakayo. Siku ile alisema maneno mawili, wala si moja: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. La kwanza ni sadaka, la pili ni haki. Katika teolojia ya maadili tumefundishwa kwamba sadaka haifuti deni la haki. Vitabu vya sifa hufungua daftari la sadaka na kufunga lile jingine. Vitabu vya hasira hufanya kinyume. Tarbell, katika kitabu chake kikubwa, aliuliza jambo rahisi: fedha hii ilipita njia gani? Swali hilo halihukumu roho ya mtu, nalo halinyamazishwi na zawadi.

Na linahitajiwa. Tarehe 20 Aprili 1914, huko Ludlow katika Colorado, wachimbaji wa makaa waliogoma walikuwa wanakaa katika mahema pamoja na jamaa zao, maana walikuwa wametolewa katika nyumba za kompani. Jamaa ya Rockefeller ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa katika kompani yao. Askari walipiga risasi, mahema yakachomwa. Wanawake 2 na watoto 11 wakakutwa wamekufa katika shimo chini ya hema. Shirika la kutoa misaada lilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mikono yote miwili ilikuwa ya nyumba moja.

Sisi wa Kongo hatuko mbali na habari hizi. Mwaka wa 1906 Leopold II aliwaita matajiri wa Marekani, Thomas Fortune Ryan na jamaa ya Guggenheim, wakaingia katika Forminière, kompani ambayo baadaye ilichimba almasi za Kasai. Ryan, aliyepata mali yake kwa tramu za New York na kwa tumbako, alikuwa Mkatoliki. Mwaka ule ule wa 1906 lilibarikiwa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu mjini Richmond, lililojengwa kwa fedha yake na ya mke wake. Hatusemi kwamba lilijengwa kwa almasi zetu. Zilikuwa hazijaanza kuchimbwa. Twasema tu kwamba mtu anayetaka kumwandika Ryan hawezi kutosheka na Richmond. Itampasa afike na Kasai.

Basi mwanafunzi wa seminari akipata kitabu juu ya tajiri, wa Marekani au wa kwetu, aulize mambo matatu. Mwandishi alifunguliwa makaratasi ya nani? Waliofanya kazi wanasema mahali gani katika kitabu? Na baada ya hesabu ya zawadi, iko wapi hesabu ya waliodhulumiwa? Akizoea kuuliza hivyo akisoma, hatashindwa kuuliza siku atakapokuwa paroko na mfuko wa fedha umewekwa juu ya meza yake. Labda ataupokea, labda ataurudisha; lakini asiupokee kwa sharti la kunyamaza.